Sensa Moja, Idara Tatu

Mwanafunzi wa sekondari Tanzania Bara hukutana na sensa mara tatu kabla hajamaliza kidato cha nne, na mara nyingi hakuna anayemwambia kuwa ni jambo lilelile. Kwenye Kiswahili anasoma Ngoswe, tamthilia ya Edwin Semzaba, ambamo karani aliyetumwa kijijini kuhesabu watu anazama katika mapenzi na karatasi za hesabu zinaishia motoni. Kwenye Jiografia anafundishwa idadi ya watu: vizazi, vifo, uhamaji, faida za sensa na matatizo yake. Kwenye Hisabati amekwisha kupita takwimu na logi, yaani vyombo vyote anavyohitaji ili kuzisoma tarakimu za sensa na kuelewa zinasema nini. Walimu ni watatu na madaftari ni matatu, ingawa katika shule nyingi walimu hao wanakaa chumba kimoja na kunywa chai pamoja.

Hesabu yenyewe si ngumu. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 44,928,923. Ya Agosti 2022 ikahesabu 61,741,120. Mwanafunzi akigawanya ya pili kwa ya kwanza anapata 1.374. Akitumia logi alizojifunza kidato cha pili anapata ukuaji wa asilimia 3.2 kwa mwaka, na akipiga hatua moja zaidi anagundua kwamba kwa kasi hiyo watu wanakuwa maradufu ndani ya miaka 22 hivi. Hapo logi inapata kazi. Jiografia nayo haiwi tena orodha ya hoja za kukariri, kwa kuwa mtoto ameona kwa kalamu yake mwenyewe kwa nini darasa lake lina wanafunzi wengi kuliko madawati. Akimrudia Ngoswe sasa, anaelewa uzito wa karatasi zinazoungua. Kilichoungua ni zahanati ambayo haitajengwa mahali panapostahili, kwa sababu hakuna aliyejua pana watoto wangapi.

Somo hilo zuri halifundishwi. Liko kati ya idara, na kati ya idara hakuna mwalimu aliyepangiwa kipindi.

Ninachotaka kuonesha katika makala haya ni kwamba malengo ya elimu ya sekondari, kama yalivyoandikwa katika mitaala yetu, hayawezi kufikiwa na idara inayofanya kazi peke yake. Idara zetu zimezoea upweke huo kwa sababu zinazoeleweka, na sehemu kubwa ya sababu hizo inaweza kurekebishwa ndani ya shule bila kusubiri sera nyingine.

Tuanze na idara zenyewe. Shule ya kawaida ya serikali huwa na idara ya Hisabati, idara ya Sayansi yenye Fizikia, Kemia na Baiolojia, idara ya Lugha, idara ya Sayansi ya Jamii yenye Historia, Jiografia na Uraia, na pale walimu wanapopatikana, idara ya Biashara. Baadhi ya shule zina Kilimo, Sayansi Kimu, TEHAMA au masomo ya dini. Shule kubwa huzigawa zaidi, kila somo likawa na idara yake. Mkuu wa idara hugawa vipindi, hukusanya maazimio ya kazi mwezi Januari, hukagua maandalio ya somo na shajara, hutunza vitabu na vifaa, husimamia utungaji wa mitihani ya ndani, kisha hupeleka matokeo kwa mwalimu wa taaluma. Ukiisoma orodha hiyo taratibu utaona kwamba karibu kila kilichomo ni karatasi inayopanda kwenda ofisi ya juu. Kuzungumza juu ya somo lenyewe, jinsi linavyoeleweka na mahali watoto wanapokwama, hakumo kwenye orodha. Wapo wakuu wa idara wanaofanya hivyo kwa moyo wao, nao ndio wanaoziinua shule zao. Lakini hakuna jalada linalowadai.

Sidai kuwa idara zivunjwe. Masomo yametengana kwa sababu ya msingi: kila somo lina njia yake ya kujua kweli, na mtoto anapaswa kuijifunza njia hiyo kwa mtu aliyeizoea. Mwalimu wa Historia akipewa waraka wa zamani huuliza umeandikwa na nani, kwa ajili ya nani, na nini kimeachwa. Mwalimu wa Kemia akiletewa jibu huuliza kama jaribio limerudiwa na limetoa jibu lilelile. Katika Hisabati, mifano elfu moja inayokubaliana haitoshi, panahitajika uthibitisho. Kwenye fasihi, wasomaji wawili wanaweza kufikia maana mbili tofauti na wote wakawa sahihi, alimradi kila mmoja asimame juu ya maneno yaliyomo kitabuni. Mtoto anayetoka sekondari akiwa amezionja njia hizo zote, na akijua ni ipi ya kutumia kwa swali lipi, amepata elimu ambayo hakuna atakayemnyang'anya. Hilo ndilo lengo la kuwa na idara nyingi. Nashangaa ni mara chache kiasi gani tunamwambia mwanafunzi waziwazi.

Sasa malengo. Katika mitaala yetu yamepangwa kwa ngazi. Juu kabisa yapo malengo ya elimu ya taifa: kufikiri kwa kina, kuheshimu kazi, kuithamini Tanzania na umoja wake, kuwa mbunifu, kuishi vizuri na wengine. Chini yake yapo malengo ya elimu ya sekondari, kisha ya somo, kisha ya mada, na mwisho malengo mahususi ya kipindi cha dakika 40. Mwalimu aliyepitia chuo chochote cha ualimu anaijua ngazi hiyo, kama anavyoijua ile ya Benjamin Bloom ya 1956 inayoanzia kwenye kukumbuka na kupanda hadi kwenye kutathmini. Tatizo liko katika safari ya kushuka. Kule juu mtaala unataka mtu anayeweza kupima hoja. Ukifika kwenye andalio la somo unakuta kwamba hadi mwisho wa kipindi kila mwanafunzi aweze kutaja sababu tano za Vita vya Majimaji. Sababu tano si mbaya. Lakini hakuna kipindi kingine, wiki hiyo wala ijayo, ambapo mwanafunzi huyo ataombwa kusema ni ipi kati ya sababu hizo ina nguvu zaidi na kwa ushahidi upi. Kwa hiyo lengo la juu limebaki kwenye kurasa za mwanzo za mtaala, na kipindi kimekwenda na lake.

Anayeweza kuziunganisha ngazi hizo mbili ni idara. Mwalimu mmoja mwenye vipindi 28 kwa wiki na madarasa ya watoto 70 hawezi kuketi peke yake akapanga jinsi uwezo wa kupima hoja utakavyokua tangu kidato cha kwanza hadi cha nne. Wizara nayo haiwezi, kwa sababu haiwajui watoto wa shule ile. Idara inawajua watoto, ina muhtasari mezani, na ina miaka minne.

Historia ya sekondari zetu inaonesha kwamba nchi imekwisha kujaribu mara kadhaa kubadili malengo kwa kubadili idara. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya Machi 1967, alilalamika kwamba shule zilimtenga mtoto na jamii yake, zilithamini elimu ya vitabu peke yake, na zilitoa uzito kupita kiasi kwa mitihani. Miaka ya 1970 ikaja michepuo: shule hii ya kilimo, ile ya biashara, nyingine ya ufundi, nyingine ya sayansi kimu. Wazo lilikuwa zuri, na wapo watu wazima leo wanaotunza vitabu vya hesabu vya maduka yao kwa ujuzi walioupata huko. Hata hivyo, katika shule nyingi shamba likawa kazi ya mikono baada ya vipindi, wala halikufika kuwa mahali pa kufundishia Baiolojia na Kemia ya udongo. Idara ya mchepuo iliongezwa pembeni ya nyingine, na nyingine zikaendelea kama zilivyokuwa.

Katikati ya miaka ya 2000 Wizara ilikwenda upande wa pili: iliamua Fizikia na Kemia ziunganishwe ziwe somo moja. Halikudumu. Walimu waliosomea masomo hayo kwa utengano walitakiwa ghafla kufundisha kile ambacho hawakukisomea. Kuunganisha masomo kwa tangazo ni jambo moja. Kuwakalisha walimu wawili wapange pamoja ni jambo jingine kabisa, na la pili ndilo gumu zaidi na lenye faida zaidi.

Kisha mtaala wa 2005 ukaleta lugha ya umahiri: mwanafunzi apimwe kwa kile anachoweza kufanya. Muhtasari wa kila somo ukaandikwa upya na jedwali lake la shughuli, zana na tathmini. Kwa ajili ya makala haya, mihtasari hiyo ya 2005 ina faida moja: ukiipanga mezani sambamba, Fizikia kando ya Hisabati na Jiografia kando yake, unaona kwa macho mahali idara zilipopishana. Fizikia ya kidato cha tatu inaanza na matumizi ya vekta. Hisabati inafundisha vekta kidato cha nne. Kwa hiyo mwalimu wa Fizikia analazimika kufundisha Hisabati kwanza, kwa haraka, kwa alama na michoro yake, na mwaka unaofuata mwalimu wa Hisabati anafundisha jambo lilelile kwa alama nyingine, mbele ya wanafunzi wanaodhani ni kitu kipya. Jiografia inaingiza latitudo, longitudo na ukokotoaji wa saa kidato cha kwanza. Hisabati inafika kwenye mada ya dunia kama tufe kidato cha tatu. Takwimu zimo kwenye Hisabati kidato cha pili na cha tatu, na zimo tena kwenye Jiografia ya kidato cha tatu. Hata hesabu za biashara, zile za debiti na krediti, zimo kwenye Hisabati kidato cha tatu, wakati mwanafunzi wa mkondo wa biashara amekuwa akizifanya tangu kidato cha kwanza na angeweza kuwafundisha wenzake.

Si kila mpishano ni kosa. Kurudia jambo kwa mtazamo mwingine baada ya mwaka mmoja kunaweza kulitia mizizi. Kosa ni pale marudio yanapotokea bila walimu kujua, mwanafunzi akabeba vekta mbili kichwani, ya Fizikia na ya Hisabati, na kila moja akaitumia mbele ya mwalimu wake tu. Saa mbili za kikao mwezi Januari zinatosha kulirekebisha hilo: mwalimu wa Hisabati anakubali kuitanguliza vekta kwa wiki mbili katika kidato cha tatu, au mwalimu wa Fizikia anakubali kutumia alama zilezile zitakazotumika mwaka ujao. Halihitaji fedha. Linahitaji tu mtu mwenye mamlaka aseme kwamba kikao hicho ni kazi, kiingie kwenye kalenda ya shule kama kinavyoingia kikao cha bodi.

Kwa nini hakifanyiki? Jibu liko kwenye jinsi tunavyohesabu mafanikio. Divisheni ya kidato cha nne hupatikana kwa masomo saba ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi: A ni pointi 1, F ni pointi 5, jumla inaanzia 7 hadi 35. Mwaka 2014 tulihamia wastani wa alama, na muda mfupi baadaye tukarudi kwenye divisheni. Msingi wa kuhesabu somo moja moja haukuguswa. Matokeo yakitoka, shule inapangwa, idara inapangwa, mwalimu anapangwa. Kila mkuu wa idara anatetea somo lake, na dakika anazompa mwenzake zinaonekana kama dakika alizopoteza. Nakumbusha pia kwamba saba bora zinaacha mlango wazi. Mwanafunzi mwenye masomo tisa anaweza kulitelekeza moja au mawili tangu kidato cha pili na bado akapata divisheni ya heshima. Somo linalotelekezwa zaidi tunalijua. Kwa miaka mingi watahiniwa wanaofaulu Hisabati kidato cha nne hawajafika hata theluthi moja ya wote, na tumezoea kiwango hicho mpaka hakitushtui. Idara ya Hisabati inalaumiwa kila Januari kwa jambo ambalo shule nzima imelikubali kimyakimya.

Idara inayobeba mzigo mzito kuliko zote, kwa maoni yangu, ni ya Kiingereza. Mtoto aliyesoma shule ya msingi ya umma kwa Kiswahili anaingia kidato cha kwanza na kukuta Baiolojia, Historia, Hisabati na mengineyo yote, isipokuwa Kiswahili na machache sana, yanafundishwa kwa Kiingereza. Mwaka 1984 Criper na Dodd walichunguza hali hiyo na kuonesha kwamba Kiingereza cha wanafunzi wengi hakikutosha kujifunzia masomo mengine. Miaka 13 baadaye Zaline Roy-Campbell na Martha Qorro waliandika kitabu kizima juu ya mgogoro huo. Mjadala wa lugha ya kufundishia ni mkubwa, na upande wangu ni wa Kiswahili. Lakini hata kama sera haitabadilika kesho, lipo jambo ambalo idara zinaweza kulifanya leo.

Tazama kinachotokea darasani. Mwalimu wa Kiingereza anafundisha nyakati za vitenzi kwa sentensi zilizotoka hewani. Jirani yake, mwalimu wa Baiolojia, anatoa notisi za usafirishaji wa maji katika mmea, zilizojaa kauli ya kutendwa. Mwalimu wa Historia anataka insha ya kurasa mbili, na hakuna aliyewahi kumwonesha mtoto jinsi aya ya hoja inavyojengwa kwa Kiingereza. Kila mmoja anasema lugha si kazi yake, ni ya idara ile. Matokeo yake mtoto anakariri, na anakariri kwa akili kabisa, kwa sababu ndiyo njia pekee iliyobaki wazi kwake. Kinachotakiwa ni kidogo: idara ya Sayansi impe mwalimu wa Kiingereza orodha ya maneno na miundo ya mada za muhula ujao, naye aichukue kauli ya kutendwa na kuifundishia kwa maji yanayopanda kwenye shina. Mwalimu wa Historia na mwalimu wa Kiswahili nao wana jambo la kushirikiana, kwa kuwa insha ya hoja ni insha ya hoja katika lugha yoyote. Mtoto akijifunza kwanza kwa Kiswahili jinsi ya kutoa dai, kuleta ushahidi na kujibu pingamizi, atakuwa na kitu cha kupeleka kwenye Kiingereza. Akijifunzia Kiingereza peke yake, lugha isiyotosha itaficha hata yale anayoyajua.

Idara ya Sayansi nayo ina jeraha lake. Shule za kata zilipoongezeka kwa kasi chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza 2004, nyingi zilifunguliwa bila maabara, na watoto wake wakafanya mtihani wa maandishi badala ya ule wa vitendo. Rais Kikwete baadaye aliagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, na majengo mengi yakasimama. Jengo ni mwanzo mzuri. Lakini ukiuliza lengo la kipindi cha vitendo utasikia mara nyingi kwamba ni kujiandaa na mtihani wa vitendo: mtoto anafundishwa kupata jibu linalotarajiwa kwenye bureti, na lisipopatikana analipika. Wanafunzi wenyewe wanasema hivyo, kupika matokeo. Kila namba iliyopikwa ni lengo la sayansi lililokufa, kwa sababu maabara ipo ili mtoto ajifunze kuliamini jicho lake na kulitilia shaka kwa wakati mmoja. Idara inayoamua kwamba namba ya kweli iliyo mbali na jibu, ikiwa na maelezo ya kwa nini iko mbali, itapata alama nyingi kuliko namba safi iliyonakiliwa, imeleta mageuzi makubwa kuliko maabara mpya. Uamuzi huo uko mikononi mwa walimu wanne au watano.

Namna moja ya kuiona idara ikifanya kazi yake ipo tayari nchini, ingawa haiko shuleni. Ni kwenye vituo vya usahihishaji vya Baraza la Mitihani. Walimu wa somo moja kutoka mikoa mbalimbali hukutana, husoma mwongozo wa usahihishaji pamoja, hubishana juu ya majibu yasiyotarajiwa, hukubaliana, kisha kila mmoja hushika swali lake. Walimu waliowahi kwenda huko husema kwamba walijifunza zaidi juu ya ufundishaji katika majuma yale kuliko kwenye semina nyingi, na naamini ni kwa sababu walitazama kazi za watoto na wenzao waliokuwa huru kuwapinga. Baraza pia hutoa kila mwaka taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo, zikiwa na sampuli za majibu mazuri na mabaya kama yalivyoandikwa. Sijui hazina nyingine ya namna hiyo inayopatikana bure. Idara inaweza kuchukua taarifa ya somo lake, swali moja tu lililofanywa vibaya, na kujiuliza kosa lile linaanzia kidato kipi. Mpango wa mafunzo endelevu ya walimu kazini, MEWAKA, umewataka walimu wawe na jumuiya za kujifunza shuleni. Muda, basi, umekwisha kutengwa. Mara nyingi kinachokosekana ni jambo la kuweka mezani.

Nasikia swali la mwalimu wa kijijini: idara gani, wakati mimi ndiye Fizikia yote? Ni swali la haki. Zipo sekondari ambazo mwalimu mmoja anafundisha somo kwa vidato vyote vinne, na nyingine ambazo hazina hata mmoja. Kwake idara ya kweli itakuwa na walimu wa shule jirani, hata kama wanakutana mara moja kwa muhula na siku nyingine wanatumiana picha za kazi za wanafunzi kwa simu. Na hapohapo shuleni, mwenzake wa karibu ni mwalimu wa Hisabati. Mwalimu aliye peke yake katika somo lake ana sababu kubwa zaidi ya kuvuka mpaka wa idara.

Kidato cha tano na sita mpaka huo umekuwa mgumu zaidi, kwa sababu ya tahasusi. Mtoto wa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) na mtoto wa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) hulala bweni moja, lakini kwa miaka mingi wamekuwa hawasomi pamoja ila kwenye somo la maarifa ya jumla, ambalo lilikusudiwa kuwakutanisha watoto wa tahasusi zote juu ya mambo ya nchi na dunia, na ambalo wanafunzi wengi wamelifanya la kusoma wiki ya mwisho. Mwaka 2024 serikali iliongeza tahasusi 49 juu ya 16 zilizokuwapo, zikiwamo za michezo, sanaa na masomo ya dini. Hatua hiyo naiunga mkono, maana inakiri kwamba akili za vijana hazikugawanyika kwa mstari mmoja wa sayansi na sanaa. Lakini inadai ratiba iliyofikiriwa na idara zote kwa pamoja, la sivyo shule itatangaza tahasusi na mtoto atakuta vipindi vya masomo yake mawili vimewekwa saa ileile.

Mtihani mkubwa zaidi unaofuata ni wa mkondo wa amali. Sera ya elimu, toleo la 2023, imeifanya elimu ya lazima kuwa ya miaka 10 na imeigawa sekondari katika mikondo miwili, wa jumla na wa amali. Utekelezaji ulianza kuingia madarasani 2024. Uashi, ushonaji, umeme, kilimo na fani nyingine sasa zinafundishwa ndani ya sekondari pamoja na baadhi ya masomo ya kawaida. Naliona kosa la michepuo likitunyemelea upya: karakana ikijengwa nyuma ya shule, ikiwa na walimu wake, bajeti yake na mkuu wake wa idara, inaweza kuishi miaka kumi bila mwalimu wa Hisabati kuingia ndani.

Fundi uashi anapotandaza msingi wa nyumba hupata pembe ya mraba kwa kamba: anapima futi tatu upande huu, nne upande ule, na anazisogeza mambo mpaka umbali wa kukata kona uwe futi tano. Huo ni uhusiano wa Pythagoras, ambao mkondo wa jumla hufundishwa ubaoni kidato cha pili. Shule yenye mikondo yote miwili ina nafasi ambayo hatukuwahi kuwa nayo. Wiki ambayo darasa la uashi linaweka msingi wa mazoezi, darasa la Hisabati liende uwanjani na madaftari, lipime pembe nne kwa kamba, likokotoe ulalo kwa kipeuo cha pili, kisha lilinganishe jibu na futi kamba na kueleza tofauti imetoka wapi. Wanafunzi wa uashi nao wapate kipindi ubaoni cha kujua kwa nini tatu-nne-tano inafanya kazi, na kwa nini sita-nane-kumi itafanya vilevile lakini nne-tano-sita haitafanya. Ili hayo yatokee, mwalimu wa karakana na mwalimu wa Hisabati wanatakiwa wawe wamekaa pamoja kabla muhula haujaanza, kila mmoja na azimio lake la kazi, na mwalimu wa taaluma awe amewaandikia vipindi viwili mfululizo siku moja, asubuhi, jua halijakolea.